Kusaka ushahidi wa tiba mtandaoni: mwongozo kamili kwa watu wa wodini na kwa wanaoulizwa maswali nyumbani

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uitwao FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini waliandikishwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kwa upande wetu Tanzania kituo kilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, chini ya saa moja kwa gari kutoka Tanga mjini. Kundi la kwanza lilifunguliwa salaini kwa kasi, la pili albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa kasi. La tatu halikukimbiziwa maji. Liliendelea na dripu ya polepole, antibiotiki, dawa za malaria na huduma nyingine za kawaida.

Muulize nesi mzoefu wa wakati ule ni kundi gani lingetoka salama zaidi. Vitabu vilikuwa na jibu, na miongozo ilikuwa na jibu hilo hilo: mtoto aliye kwenye mshtuko, yaani damu yake haizunguki vizuri, hukimbiziwa maji. Lakini ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopata albumini, asilimia 10.5 ya waliopata salaini, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakukimbiziwa. Kamati iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, watoto 3,600.

Nitautumia utafiti huo kama mfano karibu kila hatua, kwa sababu ni wa kwetu na kwa sababu unafundisha jambo ambalo mafunzo mengi ya kutafuta makala hulipita juu juu. Aliyeingia mtandaoni mwaka 2010 akitafuta faida za kumkimbizia mtoto maji angezipata, angeridhika, na angerudi wodini kufungulia dripu. Kutafuta ushahidi ni kuuliza swali ambalo linaweza kurudi na jibu usilolipenda. Ukienda kutafuta wa kukuunga mkono, hutamkosa.

Nawaandikia manesi, matabibu na wanafunzi wa vyuo vya afya. Nawaandikia pia wale ambao kila ujumbe wa tiba ukitua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huambiwa: "Wewe ndiye msomi wetu, hebu tuambie, ni kweli?"

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kushika simu

Kwenye karatasi, kwa Kiswahili. Swali zuri la tiba lina vipande vinne: mgonjwa ni nani, anapewa nini, analinganishwa na aliyepewa nini, na tunapima nini mwishoni. Kwa mfano wetu: mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, maji ya mshipa kwa kasi, dhidi ya maji ya polepole, kufa au kupona.

Kipande cha tatu ndicho kinachosahaulika. "Je, dripu inasaidia?" halijawa swali bado. Inasaidia kuliko nini? Mtoto aliyepewa dripu akapona angeweza kupona hata bila hiyo, na kama hakuna wa kumlinganisha naye hutajua kamwe. Kipande cha nne nacho kina mtego wake. Utafiti unaweza kupima presha, au kiwango cha sukari, au idadi ya vijidudu kwenye damu, vitu ambavyo hupanda na kushuka bila mgonjwa kuhisi nafuu yoyote. Andika matokeo ambayo mgonjwa mwenyewe angeyajali: kuishi, maumivu, kurudi shambani, kutolazwa tena.

Ukimaliza, geuza kila kipande kuwa Kiingereza, maana kanzidata kubwa za makala za tiba zimejengwa kwa lugha hiyo. Hapa kazi inataka uangalifu, kwa kuwa majina yetu ya maradhi hayapangani moja kwa moja na ya kitabuni. Degedege kwa mama mmoja ni malaria iliyopanda kichwani, kwa mwingine ni kutetemeka kwa homa tu. Safura ni minyoo au ni upungufu wa damu? Inategemea unaongea na nani. Ukiulizwa na mgonjwa, rudi kwenye dalili alizoziona yeye, kisha ndiyo utafute jina. Kwa kila kipande andika visawe viwili au vitatu: child, infant, pediatric, fluid bolus, fluid resuscitation, shock, sepsis, impaired perfusion.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Wengi hukimbilia PubMed, kanzidata tutakayoifungua hatua ya 3, moja kwa moja, na Google kabla ya hapo. Kama una mgonjwa kitandani na unataka kujua ufanye nini leo, hiyo ni njia ndefu. Anza na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Toleo la 2021 linapatikana kama PDF, na uulize wilayani kama kuna jipya zaidi. Kisha miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Miongozo hiyo imeshachambua tafiti kwa niaba yako.

Ila ujue kwamba mwongozo hutembea polepole. FEAST ilitoka 2011. Mwongozo wa WHO wa huduma za dharura kwa watoto uliorekebisha suala la maji ya kasi ulitoka 2016. Miaka mitano hiyo ndiyo sababu ya kujifunza kutafuta mwenyewe.

Mlango wa pili ni Cochrane Library, ambako wachambuzi hukusanya tafiti zote za swali moja, zilizopendeza na zisizopendeza, na kuzipima kwa pamoja; kazi hiyo huitwa mapitio. Shirika lenyewe lilianzishwa 1993. Ikisiri, yaani ufupisho wa mwanzoni, na muhtasari wa lugha nyepesi ni bure kwa kila mtu, na mapitio mengi hufunguliwa kwa wote miezi 12 baada ya kuchapishwa. Kama swali lako lina mapitio ya Cochrane ya karibuni, umeokoa usiku mzima.

Itazame na nembo yao. Ndani ya duara kuna vistari vya kulala, kila kimoja ni utafiti, vikizunguka mstari wa kusimama. Ni tafiti za kuwachoma sindano za steroidi akina mama wanaokaribia kujifungua njiti, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza lilichapishwa 1972 huko New Zealand. Vistari vingi, kimoja kimoja, havikutosha kumshawishi mtu. Vilipowekwa pamoja ikaonekana wazi kwamba sindano inaokoa watoto, na madaktari wengi walikuwa wamechelewa kuitumia.

Hadithi haikuishia hapo, na wanaoisimulia hupenda kuikatia hapo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliosambaza sindano hiyo hadi ngazi ya chini katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia. Watoto wadogo kabisa hawakunufaika, na ukichukua watoto wote, vifo vya wachanga viliongezeka. Mwaka 2020 WHO ikachapisha jaribio jingine katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ambako umri wa mimba ulipimwa vizuri na huduma ya njiti ilikuwepo. Huko vifo vya wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni, ndiyo steroidi yenyewe, na 23.5 kwa wasiopata. Dawa ni ile ile. Kwa hiyo unapokuta mapitio mazuri, uliza tafiti zilizomo zilifanyika wapi: kwenye hospitali ya mkoa kama Bombo, kwenye zahanati kama za Mkinga, au kwenye jengo lenye mashine ya kupumulia kila kitanda?

Hatua ya 3: PubMed kwa karibu

PubMed ni kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Imekuwa bure kwa umma tangu 1997 na ina ikisiri na taarifa za makala zaidi ya milioni 37. Anwani ni pubmed.ncbi.nlm.nih.gov. Hujisajili, hulipi, na kurasa zake ni nyepesi hata kwa bando dogo.

Usiandike swali zima kwenye kisanduku. Bonyeza "Advanced" chini ya kisanduku cha kutafutia, kisha ingiza kipande kimoja kimoja. Mstari wa kwanza: fluid bolus OR fluid resuscitation. Badala ya "Search" chagua "Add to history". Wa pili: child OR infant OR pediatric. Wa tatu: shock OR sepsis OR impaired perfusion. Wa nne: Africa. Kila mstari utapata namba yake kwenye jedwali la historia chini, pamoja na idadi ya makala. Sasa kwenye kisanduku andika #1 AND #2 AND #3 AND #4, kisha tafuta.

Faida ya kwenda mstari kwa mstari ni kwamba unaona mahali palipokwama. Kama mistari mitatu ina maelfu ya makala na wa nne umeleta kumi, umekosea tahajia au umebana mno. OR hupanua, AND hubana, na zote ziandikwe kwa herufi kubwa. Historia hiyo hufutika baada ya saa nane bila kuigusa, kwa hiyo ukiingia zamu, nakili mistari yako kwenye daftari.

Kwenye jedwali hilo hilo kuna kishale cha kufungua maelezo ya kila mstari. Kifungue. Kitakuonyesha PubMed ilivyoyaelewa maneno yako. Kanzidata hii ina kamusi yake ya mada, MeSH, ambayo kila makala iliyopangwa hupachikwa maneno yake. Ukiandika heart attack, yenyewe huongeza myocardial infarction bila kukuuliza. Hilo ni jema. Lakini ukiweka maneno ndani ya alama za kufunga na kufungua semi, au ukimaliza neno kwa nyota, unaizima huduma hiyo na itatafuta herufi ulizoandika tu. Wanafunzi hupenda alama hizo kwa kuwa Google imewazoesha, kisha wanashangaa makala zimekwenda wapi.

Kisha vichujio. Chini ya "Article type" weka alama kwenye "Systematic Review", yaani mapitio, kwanza. Ukikosa, ondoa, weka "Randomized Controlled Trial", yaani jaribio la kugawanya kwa bahati nasibu. Kumbuka makala mpya kabisa huenda hazijapachikwa aina yake, hivyo mwishoni ondoa kichujio, panga kwa tarehe, na upitishe macho kwenye ukurasa wa kwanza. Kichujio cha "Free full text" ndicho ninachokipinga. Kukiweka mwanzoni ni kuchagua ushahidi kwa kigezo cha nani kakufungulia mlango. Tafuta kwanza kilicho bora, namna ya kukipata tutaihangaikia baadaye.

Ukipata makala moja inayogusa swali lako barabara, iache ikuongoze. Chini yake kuna "Similar articles" na "Cited by". Ya pili ni dhahabu: inakuonyesha walioitaja makala hiyo baadaye, wakiwemo walioipinga. FEAST ina waliohoji kweli kweli, na waandishi wenyewe walirudi baadaye kuchambua watoto walikufa kwa njia gani. Usiache kuwasoma wapinzani.

Kwa tafiti za Afrika ambazo PubMed haina, pitia African Journals Online na jarida la Tanzania Journal of Health Research, la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kwa majaribio ambayo bado yanaendelea au yalimalizika kimya kimya, tazama rejista: Pan African Clinical Trials Registry na ClinicalTrials.gov. Rejista husema watafiti waliahidi kupima nini kabla hawajaanza. Ikiwa waliahidi kupima vifo na makala inajisifu kwa kupungua kwa joto, jiulize vifo vimekwenda wapi.

Hatua ya 4: Kupata makala kamili bila kulipa

Ikisiri haitoshi. Ni tangazo la makala, na kama matangazo mengine huweka mbele kinachovutia.

Kwanza tazama kama kuna alama ya "Free PMC article". PMC ni ghala la makala kamili la maktaba ile ile, na ni bure. Pili, jaribu Europe PMC, ambayo wakati mwingine ina nakala ya mwandishi. Tatu, tovuti ya jarida lenyewe: lile lililochapisha FEAST hufungua makala za utafiti miezi sita baada ya kutoka, hudai tu ujisajili kwa barua pepe. Nne, Hinari. Huu ni mpango ulioanzishwa 2002 na WHO pamoja na wachapishaji, sasa uko ndani ya Research4Life, na taasisi za Tanzania zinastahili. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nywila iko kwa mkutubi wa chuo au hospitali yako. Nenda kamwone, msalimie vizuri, keti naye. Wakutubi wa vyuo vya afya hukaa na ufunguo huu na wanaokuja kuuomba ni wachache mno. Kama taasisi haijasajiliwa, mwombe aisajili.

Ukikosa kote, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake mara nyingi ipo kwenye ukurasa wa ikisiri. Sentensi mbili zinatosha: wewe ni nani, unaomba nakala ya makala ipi. Watafiti wengi hufurahi kusomwa.

Soma kama ukurasa wa wavuti kwanza, PDF uipakue ukishahakikisha unaihitaji. Na ukienda kuchapa stesheneri, usichape kurasa zote. Majedwali na sehemu ya mbinu zinatosha.

Hatua ya 5: Soma jedwali kabla ya hitimisho

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi huchoka.

Anza na nani aliingia na nani alizuiwa kuingia. Kwenye FEAST walizuiwa watoto wenye utapiamlo mkali, wenye kuharisha na kutapika, na wenye mshtuko usiotokana na maambukizi. Simama hapo. Mtu aliyesoma kichwa cha habari tu, kwamba dripu ya kasi inaua watoto, akaenda kumnyima maji mtoto wa kipindupindu, anaua mtoto kwa kutumia utafiti mzuri. Ushahidi wa FEAST haumhusu mtoto huyo hata kidogo. Unamhusu mtoto wa homa kali; na kwa taarifa yako, asilimia 57 ya walioandikishwa walikuwa na vimelea vya malaria.

Pili, tafuta walivyogawanywa. Kwa bahati nasibu, au daktari alichagua? Daktari akichagua, wagonjwa mahututi huangukia upande mmoja na mlinganisho umeharibika kabla haujaanza.

Tatu, tafuta hesabu ghafi. Kwenye FEAST walikufa watoto 111 kati ya 1,050, 110 kati ya 1,047, na 76 kati ya 1,044. Makala yenyewe inasema hatari ya kufa kwa waliokimbiziwa maji ilikuwa mara 1.45 ya wengine. Ukisema "hatari imeongezeka kwa asilimia 45", watu watashtuka. Ukisema "katika kila watoto 100 waliokimbiziwa maji, watatu zaidi walikufa", ni matokeo yale yale, lakini sasa unaweza kuwaza wodi yako na idadi ya vitanda. Wauza dawa wanaijua tofauti hiyo vizuri: faida hutajwa kwa asilimia kubwa, madhara kwa namba ndogo. Wewe zidai zote mbili kwa namna moja.

Nne, mipaka ya uhakika. Baada ya ile 1.45 makala inaandika 1.13 hadi 1.86. Maana yake makisio mazuri ni 1.45, ila data inaweza kukubaliana na hatari ndogo kama 1.13 au kubwa kama 1.86. Moja kamili ingemaanisha hakuna tofauti. Kwa kuwa mipaka yote miwili iko juu ya moja, ni vigumu kusema ni bahati tu. Ukikuta mipaka inayoanzia chini ya moja na kuishia mbali juu yake, utafiti haujaamua, hata kama hitimisho limeandikwa kwa sauti ya kujiamini.

Mwisho, mazingira. Hospitali za FEAST hazikuwa na mashine za kupumulia watoto. Msomaji wa London anaweza kusema hayo si ya kwake. Wa Muheza, Korogwe au Handeni hana nafasi hiyo.

Ujumbe wa WhatsApp nao upitie njia hiyo hiyo

Tuchukue choya, yaani rosela. Inauzwa imekaushwa, inatengenezewa juisi kila mahali, na kila baada ya muda hupita sauti kwenye makundi ikisema inamaliza presha na uache vidonge. Jumbe hizi ni kama msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, lakini mtu akiacha dawa kwa sababu yake, kiharusi hakiondoki leo.

Jina la kitaalamu la choya ni Hibiscus sabdariffa. Mimea yote itafute kwa jina hilo, maana majina ya mitaani hubadilika kila wilaya. Weka hypertension kwenye mstari wa pili, kisha kichujio cha majaribio. Utakutana na utafiti wa 2010 wa Marekani: watu wazima 65 wenye presha ya juu kidogo, vikombe vitatu vya chai ya choya kwa siku, wiki sita. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa wanywaji choya na 1.3 kwa waliokunywa kinywaji cha kufananisha. Kumbe kuna kitu! Lakini pitisha maswali yale yale. Walioingia hawakuwa wakitumia dawa za presha, kwa hiyo hausemi lolote kuhusu shangazi yako anayemeza vidonge. Ni wiki sita, watu 65, na hakuna aliyepimwa kiharusi wala kifo. Tazama pia sehemu ya wafadhili chini ya makala: kampuni ya chai ilikuwamo. Hilo halifanyi matokeo kuwa uongo, ila ni sababu ya kutaka tafiti nyingine. Mapitio ya Cochrane ya 2021 yakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema choya inatibu presha.

Jibu kwa kundi la ukoo basi ni fupi: "Shikamooni wote. Choya inyweni, sukari punguzeni, vidonge msiache. Utafiti uliopo ni mdogo na haukuwahusu wanaotumia dawa." Usiwatumie PDF. Hakuna atakayeifungua.

Kwa mimea mingi utakuta makala ni za panya au za seli kwenye maabara. Mlonge una makala tele za aina hiyo, na majaribio machache madogo kwa binadamu. Kichujio cha "Humans" kitakuonyesha hali hiyo kwa sekunde moja.

Kuwemo PubMed si muhuri wa ubora

Mei 2020, jarida la Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua data za maelfu ya wagonjwa wa Uviko-19 waliotumia hydroxychloroquine. Majaribio yalisitishwa kwa ajili yake. Wasomaji walipoomba kuona data, kampuni iliyozitoa haikuzitoa zikaguliwe, na Juni 4 makala ikaondolewa. Bado ipo PubMed, ikiwa na alama wazi ya "Retracted" juu ya ukurasa. Kwa hiyo kabla ya kunukuu chochote, hata ulichokisoma mwaka jana, fungua tena ukurasa wake na uangalie juu.

Programu za akili mnemba nazo zinatumika sana siku hizi vyuoni. Zinafaa kukusaidia kupata visawe vya kutafutia au kukufafanulia neno gumu. Kwa marejeo, usiziamini: hutunga kichwa cha makala, mwandishi na mwaka, vyote vikiwa vimevaa suti. Nakili kichwa, kibandike PubMed. Makala iliyomo PubMed huwa na namba yake, PMID. Isipotokea, chukulia haipo mpaka uione kwa macho yako.

Mafunzo ya bure, na namna ya kuyatumia

Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina masomo mafupi ya PubMed, mengi ni ya dakika chache. Research4Life ina mafunzo yake kuhusu Hinari. Kwa kusoma makala kwa jicho kali, tafuta orodha za maswali za CASP. Kila aina ya utafiti ina orodha yake, na zinachapika kwenye karatasi chache. Usitazame video zote mfululizo. Tazama moja, kisha fungua swali lako mwenyewe na ufanye kile ulichokiona, kwa sababu mambo haya hukaa vidoleni.

Na anayedhani ni elimu ya madaktari tu aangalie Uganda. Mwaka 2017 Lancet ilichapisha jaribio lililofanyika katika shule za msingi 120, watoto wakifundishwa kuhoji madai ya tiba. Waliofaulu mtihani walikuwa asilimia 69 katika shule zilizofundishwa na asilimia 27 katika zile ambazo hazikufundishwa.

Kulipeleka wodini

Karatasi moja. Juu swali lako la vipande vinne, chini yake makala mbili au tatu pamoja na PMID zake, kisha hesabu ghafi, kisha mstari unaosema utafiti huu hauwahusu nani. Usimkatize daktari kwenye mzunguko mbele ya wagonjwa. Subiri amalize: "Shikamoo daktari. Kuna makala kuhusu maji kwa watoto wenye homa, naomba ukipata nafasi uipitie. Jedwali la vifo nimeliwekea alama." Wengi watasoma. Asiyesoma, peleka kwenye kikao cha asubuhi cha wodi, kwa njia ya swali. Usibadilishe matibabu kimya kimya kwa sababu ya ulichosoma usiku, kwani mwongozo wa hospitali hubadilishwa na kikao.

Kazi ya mwisho ni ya dakika mbili. Fungua akaunti ya bure ya My NCBI, rudia utafutaji wako wa mwisho kwenye PubMed, bonyeza "Create alert" chini ya kisanduku, chagua mara moja kwa mwezi. Makala mpya ya swali lako ikiingia, itakuja kwenye barua pepe. Ipe jina utakalolitambua, mfano "maji-watoto", kwa sababu baada ya mwaka utakuwa na kadhaa.